Vichwa Ukurasa wa Kushoto, Mikia Ukurasa wa Kulia

Mzee wangu Anverali,

Nimeona kinyaa. Naanza na hilo, salamu utazikuta mbele ukizitafuta. Najua ungekuwapo ungenikatiza papo hapo, ukaniambia nirudi mlangoni, niingie upya, nitoe sabalkheri yangu kama mtu aliyelelewa, kisha ndipo niseme kilichoniudhi. Haya basi, sabalkheri, Mzee wangu. Na kinyaa nimeona.

Kitabu cha Bi Mwanaidi kimetoka. Kimezinduliwa, kimepigiwa vigelegele, kimepigwa picha na kila mwenye simu, na siku hiyohiyo kikamfanya mwenyewe aonekane hana akili mbele za watu. Bi Mwanaidi, Mzee. Yuleyule aliyekuwa akipita kwenye duka lako la uchapaji Kuze na kikapu chake cha sokoni, akikuuliza mashairi yake yamefika wapi, nawe ukimjibu kwamba bado yapigwa pasi. Hakuna harusi ya mtaa ule isiyoimbwa maneno yake. Sasa mtaa huohuo wasema Bi Mwanaidi amechanganyikiwa, umri umemfika, maskini. Na aliyemchanganya ni karatasi. Ni sisi, watu wa kazi yako.

Nitakueleza tangu mwanzo, ila hasira yangu haina mpango, utanivumilia.

Tulipokwisha kukuzika, mwanao Mustafa alifunga duka lake la simu akaja kulishika lako. Sikumlaumu. Mali ya babake. Ile meza ndefu tuliyokuwa tukikunjia karatasi ameitoa, pamewekwa mashine ya kuchapa picha za watu kwenye vikombe. Kabati ya vitabu tulivyovitoa imesukumwa hadi chini ya ngazi, na ukutani yametundikwa mabango ya wagombea, meno nje. Wateja ni wengi kuliko zama zako, hilo silikatai. Wanakuja asubuhi, wanataka mchana, na wanapewa mchana.

Halafu akatoa kalenda ya kukukumbuka wewe. Sitaki kukueleza kalenda ile, lakini nitakueleza nisije nikapasuka peke yangu. Uso wako katikati, miale ya jua yakutoka masikioni. Mawaridi kwenye pembe zote. Jina lako kwa herufi za dhahabu zenye kivuli, na kivuli nacho kimetiwa kivuli chake. Kila mwezi umepewa herufi za sura yake. Machi imeandikwa kwa herufi zinazochuruzika, ungedhani ni tangazo la sinema ya mashetani. Wewe, uliyekuwa ukisema kitabu kizima chatoshwa na herufi za aina mbili, na hiyo ya pili iingie kwa hodi. Majirani wameitundika kwa mapenzi, kila duka unaloingia umo. Mimi nikinunua sukari natazama sakafu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa uchafu. Kumbe bado.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Baba mtu wa reli, wa kutoka bara, nyumbani Tononoka vitabu vyetu ni Biblia na vya shule basi. Nilikuja kuomba kazi ya kompyuta, nawe ukanizuia hata kuigusa kompyuta yenyewe. Ukanipa vitabu nivishike. Nivifungue, nivifunge, nivisome nikiwa nimesimama, kisha nikwambie mkono umechoka wapi. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama nimeangukia kwa mzee ambaye hazimtoshi. Mama akaniambia maadamu mzee mwenyewe ana adabu, nikae. Siku moja ukaniwekea kidole changu mwenyewe pembeni mwa ukurasa, kwenye ule weupe wa pambizo, ukaniuliza kama kinagusa neno lolote. Nikasema hakigusi. "Basi huyu aliyekitengeneza alikujua," ukasema. "Kidole gumba cha msomaji nacho kina haki yake." Nikaanza kukuelewa hapo.

Ulinifunza kuugeuza ukurasa juu chini na kuufumbia macho nusu, nisione maneno, nione weusi na weupe tu. Pale mistari ilipovutwa kwa nguvu ifike ukingoni, weupe huteremka baina ya maneno kutoka juu hadi chini, nawe ukiita mito. Tabia hiyo nikaenda nayo nyumbani. Mama akanikuta kibarazani nimepindua gazeti, jicho nusu, akaniuliza kama nimekula. Na ule mstari wa mwisho wa aya ukibaki peke yake juu ya ukurasa mpya, ukiuita yatima, na chakula hukushika yatima akiwa nje. Achari yako ya embe ilikauka mezani mara ngapi kwa ajili ya yatima? Nikikwambia niuache tu, msomaji hatauona, unanitazama nisijue pa kuweka uso.

Lakini kwenye mashairi ndiko ulikokuwa mkali. Ulinionyesha jinsi waandishi wa zamani wa pwani hii, walipokuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu, walivyoviweka vipande viwili vya kila mshororo vikitazamana, kipande cha mbele upande mmoja, cha nyuma upande wa pili, na baina yake wakaacha nafasi au wakatia kijiua kidogo. Mimi nafasi ile niliiona karatasi ya bure. Ukaniambia nisimame, nisome kwa sauti. Nikasoma, nikafika katikati, nikavuta pumzi bila kujijua. Ukagonga meza. "Hapo. Pumzi yako imewekewa mahali pake, na wewe wataka kupabana."

Siku hiyo nilitoka dukani natembea katika vichochoro vya Kuze nasoma kila kibao kwa sauti, watu wakinitazama. Nilikuwa na furaha. Nakwambia kwa kuwa sikukwambia wakati ule.

Na Bi Mwanaidi ulimwahidi jambo moja: kwamba kitabu chake atakisoma mwenyewe, hatasomewa na mtu. Macho yake yalikwisha kuanza kufifia. Tukamkalisha, tukamjaribishia ukubwa wa herufi, yeye na miwani yake, mmoja baada ya mwingine. "Hizi ni chungu," akisema, yaani sisimizi. "Hizi nazo, waniona mimi kipofu?" Mpaka tukafika mahali akanyamaza, na midomo ikaanza kutembea yenyewe. Ukanitazama, nami nikaandika ukubwa ule. Mashairi yote tukayapiga, vipande vya mbele safu hii, vya nyuma safu ile, mshororo kwa mshororo. Kisha ukaugua, Mzee. Kisha ukaondoka.

Mustafa aliukuta muswada huo kwenye kompyuta. Kina mama fulani wa mjini walikuwa wanataka kumfanyia Bi Mwanaidi hafla ya kumtukuza, ukumbi umepatikana huku Tononoka, mgeni wa heshima amekubali, na kitabu lazima kiwepo siku hiyo. Akaniita. Punguza herufi, akaniambia. Kata pambizo. Vitabu viwe vyembamba, viwe rahisi kwa bei. Nikamweleza habari ya macho ya Bi Mwanaidi, nikamweleza ahadi yako. Alinisikiliza kwa adabu, hilo nalo silikatai, huku akijibu ujumbe kwenye simu. Nilipomaliza akacheka. "Rehema, mashairi watu hawayasomi siku hizi. Wanapiga nayo picha."

Naliona karaha jibu lile hadi leo. Laiti lingekuwa la mtu mbaya! Mustafa si mbaya. Ana ucheshi, hamkatai mtu, watoto wa mtaani wanampenda. Lakini aliyasema hayo kwenye duka lako, ameegemea mashine yako ya kukatia karatasi, na hakuona kitu.

Nikakataa. Nikamwambia sikifanyi. Akasema hakuna neno, tusikosane, akampa Dulla, yule bwana anayemtengenezea mabango. Mimi nikahamishiwa kwenye vikombe. Siku zile nimebandika nyuso za wachumba kwenye vikombe mpaka nikawa naona wachumba ndotoni.

Dulla ni mtu wa watu, kazi zake za ukutani unaziona kutoka ng'ambo ya barabara, na ndivyo zinavyotakiwa kuonekana. Kitabu hajapata kukitengeneza. Akaufungua muswada, akaona safu mbili, akasema aha, hili ni gazeti. Na gazeti husomwaje? Safu ya kwanza mpaka iishe, kisha ya pili. Basi akaibeba safu ya kwanza yote, vipande vya mbele peke yake, akaimimina kwenye ukurasa wa kushoto, ikajaza safu mbili. Kisha akaibeba safu ya pili, vipande vya nyuma peke yake, akaimimina kwenye ukurasa wa kulia. Shairi baada ya shairi, kitabu kizima. Vichwa vyote huku, mikia yote kule. Kazi ya kulipua, na kwa sababu siku ilikuwa imekaribia, Mustafa hakuchapa kurasa za kusahihisha. Mimi sikuonyeshwa. Bi Mwanaidi hakuonyeshwa.

Nilikiona mara ya kwanza ukumbini. Kilikuwa kimepangwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na kabla sijakifungua nilikwisha kukiona kinyaa. Juu ya jalada pana waridi, pana birika, pana mlango wa nakshi, pana mwezi, na jina la Bi Mwanaidi limepita juu ya vyote hivyo kwa dhahabu, lisomeke wapi. Ukifungua, ukurasa wa kwanza ni picha ya mgeni wa heshima. Ya Bi Mwanaidi ni ya nyuma, ndogo, imevutwa mpaka uso umekuwa mpana. Pambizo hakuna. Ukikishika kidole kimefunika maneno, na upande wa mshono maneno yamemezwa na gundi, inabidi uuvunje mgongo wa kitabu ndipo uone mwisho wake. Herufi, Mzee, ni zile zile alizoziita chungu.

Nikageuza kwenye mashairi, nikaona alichokifanya Dulla. Nikatazama jukwaani, na Bi Mwanaidi alikwisha kusimama.

Alikuwa amevaa vizuri. Binti yake Fauzia alikuwa amemkalisha mbele, buibui jipya, mkono una hina. Alichagua shairi alilomtungia Fauzia mwenyewe alipoolewa, lile la kumuusia, ambalo hakuwahi kuliimba tena tangu siku ile. Wewe unalijua, tulilipiga pamoja:

Mwanangu usimjibu, mumeo kwa kutukana,
Wala usiwe karibu, na wenye kuteta sana,
Jambo likiwa taabu, keti naye kwa bayana,
Lipatikane jawabu, na moyo kupoa tena.

Akainua kitabu mpaka karibu na pua. Na akasoma kama mashairi yalivyosomwa maisha yake yote, kushoto kwenda kulia, kuvuka nafasi. Alichokikuta ng'ambo ya nafasi ni kichwa cha mshororo wa ubeti mwingine kabisa:

Mwanangu usimjibu, mgeni ajapo kwako,
Wala usiwe karibu, tandika na jamvi lako.

Mama mmoja akacheka, na wewe wawajua kina mama wakianza. Mwanangu usimjibu mgeni! Mombasa hii! Walicheka kwa mapenzi, walidhani ni mzaha. Bi Mwanaidi akatua, akarudi mwanzo, akaanza tena, na maneno yakawa yaleyale. Akajaribu kukiacha kitabu akumbuke kwa kichwa, lakini kile alichokwisha kukisoma kilikuwa kimemkaa mdomoni, akachanganya. Nikamwona anageuza ukurasa mbele na nyuma, mbele na nyuma, vidole vyenye hina vikitafuta mshororo. Kicheko kikafa. Wakaanza kumwonea huruma, na huruma ile ilikuwa chafu kuliko kicheko.

Fauzia akapanda akachukua kipaza sauti. Mama amechoka, akasema. Tumpigie makofi.

Wakapiga. Mustafa akapiga makofi, amesimama. Nikashindwa, nikaenda mbele na kitabu mkononi nikasema kwa sauti kwamba Bi Mwanaidi hana kosa, kitabu ndicho kibovu, kitazameni. Mustafa akanishika kiwiko, bado anatabasamu kwa ajili ya picha. "Rehema, si mahali pake. Watu watasema ni wivu." Na wakasema ni wivu, Mzee. Yule mgeni wa heshima alikuwa tayari anakula sambusa.

Nimekaa nikangoja. Nilidhani katika watu wote wale waliobeba kitabu nyumbani, japo mmoja atakifungua, aone, arudi kulalamika. Hakurudi mtu. Nikamuuliza Mustafa, akaniambia kwa furaha kwamba vimekwisha na hakuna aliyelalamika. Hapo ndipo kinyaa kilipoingia mpaka ndani. Dulla alikosea, kukosea kupo. Lakini mji mzima umekinunua kitabu cha mama yule, umepiga nacho picha, umekiweka juu ya televisheni, na hakuna hata mmoja aliyesoma ubeti mmoja. Wangekisoma wangejua si yeye. Kitabu hawakukisoma, ila habari za akili ya Bi Mwanaidi walizisoma zote, na kuzisambaza.

Siku ile niliacha kazi. Sikutukana. Nilipangusa meza yangu, nikamwambia Mustafa ahsante kwa yote, naye akanipa kikombe. Kina picha yako. Nimekipokea kwa kuwa uso ni wako.

Fauzia naye hofu ikamshika. Simlaumu, ni mwana na mamake. Akamnyang'anya kiberiti, asije akaichoma nyumba. Ufunguo wa mlango akaupeleka kwa jirani. Akasema mwisho wa mwezi anamhamishia kwake Kisauni, chumba kipo, na nyumba ya Kuze itafungwa. Bi Mwanaidi hakubisha. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mwanamke aliyembishia kadhi sasa anapakiwa vyombo vyake ametulia, anaitikia kila kitu.

Nikaenda kwake. Nikakaa chini, nikamwambia si wewe Bi, ni kitabu, vipande vimewekwa siko kwake. Akanipapasa mkono. "Usinipe pole ya urongo, mwanangu. Mato yangu yaliona, mdomo wangu ukasema upuzi. Ni hiki kitwa." Akajigonga kipaji cha uso kwa kidole. Nikamfunulia kitabu nimwonyeshe, akakisukuma, hataki hata kukitazama. Nikatoka mle, nikasimama kichochoroni nikitukana ukuta. Nilikulilia siku ile, Mzee, kuliko siku ya maziko. Ungekuwapo ungejua la kufanya, na lingekuwa jambo dogo tu la karatasi.

Basi nikafanya jambo la karatasi.

Nilikuwa nimeyanakili mashairi yale kabla sijaondoka, nakala ile tuliyoipiga pamoja. Nyumbani kwetu pana kompyuta kuukuu ya kaka. Nikachukua shairi la Fauzia peke yake. Herufi za ukubwa ule aliounyamazia. Aina moja, sura ya wazi, matumbo ya herufi mapana, a isifanane na o. Nikaviweka vipande vitazamane, nikaacha nafasi kati, kisha nikasimama chumbani nikasoma kwa sauti na kuipanua nafasi, na kuipunguza, mpaka pumzi ikatosha. Mistari nikaitenganisha isikanyagane. Beti chache tu kila ukurasa, na hakuna ubeti uliokatwa ukavukia upande wa pili. Mama akanikuta nimeupindua ukurasa juu chini nimefumba jicho nusu. Safari hii hakuuliza. Nikachapa kwenye karatasi yenye rangi ya maziwa, isimpige machoni. Nikakunja, nikatoboa, nikashona kwa uzi kwa mkono kama ulivyonifunza, kijitabu kikafunguka kikalala chenyewe bila kushikiliwa. Jalada halina kitu ila jina la shairi na jina lake.

Nilipofika Kuze, Fauzia alikuwa chini sebuleni anafunga sufuria kwenye magunia. Nikamwamkia, sikumweleza neno. Nikapanda, nikamwambia Bi Mwanaidi nimekuja kumwomba anisahihishie kazi, nimekosea mahali sipaoni. Huo ndio urongo pekee niliompa. Hakutaka. Nikakiweka tu mapajani mwake, kimefunguka.

Akakitazama. Akavaa miwani. Kidole gumba kikakaa pembeni, kwenye weupe. Midomo ikaanza kutembea.

Ubeti wa kwanza alisoma kwa kunong'ona, kila mshororo akiogopa ng'ambo. Mumeo kwa kutukana. Akatua. Akautazama tena mshororo, akanitazama mimi. Akaendelea. Ubeti wa mgeni ulipofika, ulifika mahali pake, mgeni akatiliwa chai yake na jamvi likatandikwa. Sauti ikapanda. Ubeti baada yake akauimba, Mzee, na mahadhi yake, hakukosea hata kimoja. Nikasikia kule chini sufuria zimenyamaza. Fauzia alipanda ngazi akasimama mlangoni, gunia mkononi, akasikia mpaka mwisho maneno aliyousiwa siku aliyotoka nyumba ile.

Kisha Bi Mwanaidi akasema, "Nipe kile kingine." Nikampa kitabu cha Mustafa. Akakiweka kando ya karatasi zangu, akakishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua tambara lenye uchafu. Akaweka kidole penye kichwa cha mshororo, akakivusha taratibu mpaka ukurasa wa kulia, akitafuta, mpaka akaukuta mkia wake umelala huko katikati ya mikia mingine. Akarudia wa pili. Akarudia wa tatu. Uso wake ulibadilika, nao nimeujua mara moja, kwa kuwa ndio uso ninaotembea nao mimi tangu siku ya hafla. Aliona kinyaa.

"Kumbe si mimi," akasema.

Fauzia akaanza kulia, akataka kumshika. Akamzuia kwa mkono. "Usilie. Siku ya yeo sitaki kuliliwa. Niletea kiberiti changu, tupike chai, huyu mtoto wa watu ametoka Tononoka kwa miguu."

Chai ile nimeinywa. Sufuria zimefunguliwa kwenye magunia, Kisauni haendi. Mtaa bado wasema unayoyasema, na Mustafa akiniona hunipungia mkono kwa furaha kama hakuna kilichokuwa. Kinyaa changu hakijaisha, sitakudanganya. Kila nikipita kwenye duka lenye kitabu kile juu ya rafu nageuza uso. Lakini kila Alhamisi napanda ngazi za Bi Mwanaidi na kurasa mpya. Tunakifanya upya kitabu chake, shairi moja moja. Yeye husoma, mimi husikiliza.

Sina cha kukuahidi kikubwa, Mzee wangu. Duka silo langu, mashine sina. Nakuahidi hili: hakuna kitabu kitakachotoka mikononi mwangu kabla mtu wake hajanisomea kwa sauti yake mwenyewe, mbele yangu, kutoka kwenye karatasi. Na akikwama mahali, sitamtazama yeye.

Buriani, Mzee wangu. Mungu akulaze panapokufaa.

Mwanafunzi wako,
Rehema